Sasisho Lililobisha Hodi Bila Taarifa

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa waliokutana Uyole, Mbeya. Imeandikwa yote kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vikundi, wazee wetu, kina mama, na vijana wenzangu,

Kwa wenzetu waliotoka Tukuyu na Kyela nasema ugonile. Kwa waliopanda basi alfajiri kutoka Makambako na Iringa nasema kamwene. Na wenyeji wetu wa Uyole, ambao wametuazima viti pamoja na baridi yao bila malipo, ninawashukuru sana.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie usalama wa simu. Nilimwomba anipunguzie mada, kwa sababu hiyo ni pana kama bonde la Usangu na mimi nimepewa nusu saa. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu. Simu yako imelala mezani, hujaiomba kitu, mara inawaka na kukuandikia kwamba kuna sasisho jipya la programu, kile ambacho vijana wanakiita apdeti, na kwamba ubonyeze hapa. Je, unabonyeza au hubonyezi?

Mimi ni fundi simu, na meza yangu iko Mwanjelwa. Asubuhi moja ya mwezi Julai, katika ile baridi inayofanya vidole vishindwe kushika bisibisi, alinijia mama mmoja anayeuza mchele wa Kyela. Simu yake alikuwa ameifunga kwenye leso na kuishika kwa ncha za vidole, kana kwamba ndani mna nge. "Mwanangu," akaniambia, "hii simu inatetemeka yenyewe, na imenipa dakika tatu."

Nikaifungua leso. Kwenye kioo palikuwa na ukurasa uliopambwa vizuri: nembo ya kampuni iliyotengeneza simu ile, rangi zake zilezile, Kiswahili kilichonyooka, na saa iliyokuwa ikihesabu kurudi nyuma. Ukurasa ulisema kwamba mfumo wa simu umepitwa na wakati, kwamba umeharibiwa na virusi, na kwamba asiposasisha kabla ya saa kufika sifuri atapoteza picha na namba zake zote. Nilipovuta chini ile sehemu ya juu ya kioo nikakuta arifa nyingine, ndogo, ya kijivu, isiyo na nembo wala mapambo. Ilisema tu kwamba sasisho la mfumo linapatikana, ikataja ukubwa wake kwa MB, basi. Hiyo ya kijivu mama alikuwa amekaa nayo wiki tatu, kila ikitokea anaifuta, kwa kuhofia bando lake.

Akaniuliza swali ambalo ndilo lililonileta hapa leo: "Katika hizi mbili, ipi ni ya kweli?"

Ndugu zangu, kama ningewawekea mbili hizo mezani bila kuwaeleza lolote, wengi wetu tungechagua ipi? Tungechagua ile yenye nembo. Tungechagua ile inayotuhimiza. Ya kweli ilikuwa ile ya kijivu, na mama alikuwa ameifukuza wiki tatu mfululizo, wakati ile ya uongo ilikuwa imemtoa dukani mbio, ameacha mizani na mteja.

Ndiyo maana ninasema kwamba tukilitazama sasisho usoni tutakosea. Nembo inanakiliwa kwa dakika moja, Kiswahili kizuri siku hizi kinaandikwa hata na mashine, na tapeli ana kila sababu ya kupendeza kuliko mhandisi. Swali la kuuliza ni lile ambalo wazazi wetu walilifahamu kabla ya umeme kufika vijijini: huyu aliyebisha hodi, ameingilia mlango gani?

Milango halali ni michache, na hilo linaturahisishia kazi. Sasisho la mfumo mzima wa simu huletwa na mfumo wenyewe, nawe utalikuta ndani ya Mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, katika sehemu iliyoandikwa Sasisho la mfumo au Sasisho la programu, kutegemea simu yako. Sasisho la programu moja moja, kama ile ya benki au ya kutumiana ujumbe, huja kupitia Play Store kwa wenye Android na App Store kwa wenye iPhone. Halipiti kwenye kiungo cha ujumbe mfupi. Halipiti kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la nne. Halipiti kwenye ukurasa wa intaneti ulioufungua ukitafuta matokeo ya mpira. Wala halisomwi na kijana anayekupigia na kukuita "mteja wetu mpendwa".

Kwa hiyo jaribio langu ni moja, na ninaomba kila mmoja alichukue hata kama atayasahau mengine yote. Arifa ikija, usiibonyeze. Iache hapo hapo ilipo. Nenda mwenyewe kwenye gurudumu lenye meno, ingia sehemu ya masasisho, uiulize simu yako. Sasisho la kweli utalikuta limekaa linakungoja. La uongo hutalikuta, kwa sababu lenyewe linaishi ndani ya ule ukurasa tu, na ukurasa ukifungwa nalo limekwisha. Yule mama tulifunga kivinjari mbele ya macho yake; mtetemo ukakoma, dakika tatu zikapita, na picha zake zote zilikuwa pale pale.

Mnaukumbuka ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Naona mnacheka, lakini hebu tujiulize kwa nini uliwapata watu. Tapeli alikuwa hamjui mtu hata mmoja. Aliurusha ujumbe kwa maelfu, akijua kwamba kati yao yupo mmoja ambaye asubuhi ile alikuwa kweli ana hela ya kumtumia mtu, pengine karo, pengine kodi ya pango, na huyo hakuona ajabu yoyote. Sasisho bandia linafanya kazi namna ileile. Linarushwa kwa wengi, na linampata yule ambaye simu yake kweli ni nzito, kweli ni ya zamani, na ambaye jana tu ameambiwa na mwanawe kwamba anatakiwa aisasishe.

Nitawapa mfano kutoka mbali. Mwaka 2021 kulienea programu hasidi ya Android iliyopewa jina la FluBot, iliyokuwa ikiwafikia watu kwa ujumbe mfupi wenye kiungo, mara ukidai una mzigo unaokuja, mara ukidai una ujumbe wa sauti. Watu walipoanza kuishtukia, waliokuwa wakiiendesha walibadili wimbo. Oktoba mwaka huohuo huko New Zealand, waliofungua kiungo walikutana na ukurasa wa onyo uliosema: simu yako imeambukizwa FluBot, weka sasisho hili la usalama ili kuiondoa. Sasisho lenyewe ndilo lililokuwa FluBot! Simu ilikuwa nzima hadi pale mwenyewe alipokubali kutibiwa. Juni 2022 Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ilitangaza kwamba ushirikiano wa polisi wa nchi 11 umeuvunja mtandao ule, lakini mbinu yenyewe haikufungwa jela.

Na Machi 2021 kampuni ya usalama ya Zimperium ilieleza kuhusu programu ya kijasusi iliyojiita kwa Kiingereza "sasisho la mfumo". Haikuwahi kuwekwa Play Store. Waliokuwa nayo waliipata nje ya duka hilo. Ikiwa ndani ya simu ilisoma ujumbe, ilirekodi mazungumzo, na ilipokuwa kazini ilionyesha arifa ya kwamba inatafuta masasisho. Hapa pana jambo la kuangalia kwa makini: baada ya mlango kuingiliwa mara moja, hata arifa zilizo juu ya kioo haziaminiki tena. Ndiyo sababu ninasisitiza uende mwenyewe kwenye Mipangilio.

Vijana, msinikasirikie kwa hili linalofuata. Wale wenye WhatsApp ya GB, ile nakala isiyo rasmi, ambayo kila baada ya muda inawataka mpakue toleo jipya kutoka kwenye tovuti fulani: ninyi mmejizoesha wenyewe kupokea masasisho kupitia dirishani. WhatsApp yenyewe haiitambui programu hiyo na huwafungia wanaoitumia. Siku dirisha hilohilo litakapoleta mtu mwingine, mtajuaje? Mimi sioni mngejuaje. Nendeni mkaitoe.

Sasa pengine mzee mmoja hapa anajiuliza: na huo mlango wa Mipangilio, nani amesema ni salama? Ni swali zuri, na jibu lake linafanana na barua ya mtendaji wa kijiji. Kijana akienda kuomba kazi na barua ya utambulisho, mwajiri haangalii tu kama mwandiko ni mzuri, anatafuta muhuri. Sasisho la mfumo nalo lina muhuri, unaoitwa sahihi ya kidijitali. Mtengenezaji ana ufunguo wa siri ambao huutumia kulitia sahihi sasisho, na simu yako ilitoka kiwandani ikiwa na ufunguo wa wazi wa kuihakiki sahihi hiyo. Kabla ya kuliweka, simu hupiga hesabu. Mtu akiwa amebadilisha hata herufi moja njiani, hesabu haitakubali na simu italikataa sasisho. Muhuri wa mpira unaweza kuchongwa na fundi wa mtaani. Huu hauchongeki bila ule ufunguo wa siri.

Yule mwenye sasisho bandia hana ufunguo huo, hivyo hawezi kupita mlangoni. Anachokuletea ni faili la APK, yaani programu ya kawaida tu iliyovaa jina la sasisho, kisha anakuomba wewe umfungulie kwa kuruhusu programu zisizojulikana. Tangu Android 8, iliyotoka mwaka 2017, simu hukuuliza ruhusa hiyo kwa kila programu inayotaka kuweka nyingine. Akishaingia ataomba kusoma ujumbe wako mfupi, na ataomba ile ruhusa ya Ufikivu, iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ambayo humwezesha kuona kioo chako na kubonyeza kwa niaba yako. FluBot iliomba hiyohiyo. Sasisho la kweli la mfumo haliombi lolote kati ya hayo, maana lenyewe ndilo mfumo.

Nisiwafiche: muhuri una thamani ya yule anayeushika. Novemba 2016 kampuni ya Kryptowire ilibaini kwamba simu za bei nafuu za BLU zilizokuwa zikiuzwa Marekani zilikuwa na programu ya kuletea masasisho, iliyotengenezwa na kampuni ya Adups ya Shanghai, ambayo kila baada ya saa 72 ilikuwa ikituma ujumbe mfupi wa mwenye simu kwenye seva zilizoko China. Kwa watu wale jaribio langu la gurudumu lisingefua dafu. Ukiniuliza tufanyeje, nitakwambia kinga iko siku ya kununua, na kwamba simu unayouziwa stendi na mtu anayeangalia nyuma kila baada ya neno haina bei nafuu. Bonyeza *#06# uone namba zake za utambulisho kabla ya kutoa hela. Tunakumbuka TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ilivyozima simu bandia Juni 2016, na jinsi watu walivyoamka wakakuta wameshika vioo tu.

Hadi hapa ningeweza kushuka jukwaani, nanyi mngerudi nyumbani mkiwa mmeazimia kulikataa kila sasisho. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu mimi mwenyewe niliwafundisha watu hivyo.

Kwa miaka kadhaa, mteja akiniuliza kuhusu sasisho, nilikuwa na jibu moja: achana nalo, litakuletea uzito kwenye simu na litakula bando. Lilikuwa jibu la kivivu, lakini lilinipa heshima ya kuonekana najua. Shangazi yangu yuko Rungwe, ni mweka hazina wa kikundi chao. Nilimnunulia simu, nikamzimia masasisho yote ya kujiendesha, nikamwambia likija lolote afute. Alinitii kabisa. Siku moja nilipokwenda kumsalimia nikaishika ile simu, nikaingia sehemu inayoonyesha tarehe ya kiraka cha usalama, nikakuta imepitwa kwa zaidi ya miaka miwili. Fedha za wanachama 28, wanawake wanaolima chai na ndizi, zilikuwa zikipita kwenye simu ambayo milango yake niliiacha wazi mimi, fundi wa ukoo. Hakuibiwa, namshukuru Mungu. Lakini shangazi aliniangalia akaniuliza, "Kwani si wewe uliniambia?" Sikuwa na la kujibu.

Kiraka cha usalama ni nini hasa? Ni sasisho linaloziba tundu lililogunduliwa kwenye mfumo. Julai 2015 ilitangazwa hitilafu ya Android iliyopewa jina la Stagefright. Ilikuwa katika sehemu ya mfumo inayochezesha video, na kwa makadirio ya wagunduzi iligusa takriban simu milioni 950. Mshambuliaji alichohitaji ni namba yako ya simu tu. Akituma ujumbe wa picha ulioandaliwa kwa hila, simu ingeweza kuvamiwa kabla hujaufungua. Je, busara ya mwenye simu ingesaidia nini hapo? Hakuna kiungo cha kukataa, hakuna kitu cha kushtukia. Dawa yake ilikuwa sasisho, na ni baada ya kisa hicho, kuanzia Agosti 2015, ndipo Google ilipoanza kutoa viraka vya usalama vya Android kila mwezi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaambiwi. Kiraka kikishatolewa, wahalifu nao wanakisoma. Wanakifungua waone kimeziba nini, kisha wanawatafuta ambao hawajaziba. Mwaka 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha Windows tarehe 14 Machi, na tarehe 12 Mei kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita katika tundu lilelile. Hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Dawa ilikuwa imetolewa siku 59 kabla. Zile zilikuwa kompyuta, lakini simu hazitofautiani nazo katika hili.

Ninaona Mwenyekiti anaangalia saa, kwa hiyo nitapita haraka katika mengine.

Kwanza, kutotarajiwa peke yake si dalili ya ubaya. Januari 2023 Apple ilitoa sasisho la usalama kwa iPhone 5s, simu iliyoingia sokoni mwaka 2013. Mwenye simu hiyo angeapa kwamba anatapeliwa, kumbe lilikuwa la kweli. Aliyekwenda kuangalia kwenye Mipangilio alilikuta.

Pili, la kweli nalo linaweza kuwa bovu. Septemba 24, 2014 Apple ilitoa toleo la 8.0.1 la mfumo wake, na baadhi ya wenye iPhone 6 wakajikuta hawana mtandao wa simu. Kampuni ililiondoa baada ya takriban saa moja. Ndiyo maana mimi sikimbilii. Likiwa toleo jipya zima la mfumo, huwa ninasubiri wiki moja au mbili niwasikie waliotangulia. Kikiwa kiraka cha usalama, hakilali kwangu zaidi ya siku chache. Na silianzishi siku yenye kazi: chaji iwe ya kutosha, picha na namba ziwe zimehifadhiwa pengine, na kusiwe na mtu anayengoja malipo kutoka kwangu ndani ya saa ile.

Tatu, kama umeshabonyeza. Usikae nalo kwa aibu. Zima data na Wi-Fi mara moja. Itoe laini, iweke kwenye kitochi, na hukohuko ubadilishe namba ya siri ya pesa zako, kwa sababu ukiibadilisha kwenye simu iliyovamiwa utakuwa umemtajia mwizi namba mpya. Wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako na wa benki. Kama ulitumiwa ujumbe na namba fulani, itume namba hiyo TCRA kupitia 15040. Halafu ndipo ulete simu kwa fundi irejeshwe ilivyotoka kiwandani. Naomba muwe wakali kwa mafundi hapo: akikwambia amefuta faili na imetosha, mwambie hapana.

Pengine mnajiuliza yule mama aliishia wapi. Siku ile nilimwomba akae. Tuliingia pamoja kwenye gurudumu lenye meno, yeye akibonyeza, mimi nikiwa nimefunga mikono, tukalikuta lile la kijivu, tukalipakua kwa Wi-Fi ya jirani yangu muuza vifaa vya umeme. Simu ilijizima ikawaka tena, na kwa muda wote huo alikuwa ameishika kahawa yake bila kuinywa. Ilipowaka alitafuta kwanza picha ya mjukuu wake, akaikuta, ndipo akanywa kahawa iliyokwisha kupoa.

Mwezi uliopita alinipigia. Hakuja na leso. Alisema, "Mwanangu, imekuja nyingine. Sikuibonyeza, nimeingia mwenyewe kwenye gurudumu, nimeikuta. Sasa niambie, niikubali saa hizi, au nisubiri lori la Kyela lishushe mzigo kwanza?"

Nikamwambia asubiri lori.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.